Huzuni na Maradhi ya Sonona

Naomba nafasi ndogo katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya neno moja linalotumiwa ovyo dakhaliani. Siku hizi mtu akipata alama mbaya za Hesabu, au wazee wake wakikosa kuja siku ya kutembelewa, hujitandaza kitandani akasema, "Mimi nina sonona." Na yule aliye nayo kwa hakika huitwa mvivu. Kosa la kwanza hutuchekesha tu. La pili laweza kumpoteza mtu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi, na mamia ya watu wakafa. Sisi wa Kidato cha Nne tulikuwa wachanga, lakini tumehadithiwa. Watu walilia, wakakaa matanga, wakasoma hitima. Wengine hata maiti ya kuzika hawakuipata. Ilikuwa huzuni kubwa, walakini kwa walio wengi haikuwa maradhi. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi: mtu hulia asubuhi, alasiri akacheka kwa kukumbuka mzaha wa marehemu, usiku akalia tena. Jirani akija kumkalia, hupata faraja. Basi wingi wa machozi si kipimo.

Sonona ni maji yaliyotuama. Humkaa mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na vile alivyokuwa akivipenda haviwi na ladha tena. Usingizi humruka au humzidi. Chakula humshinda. Husoma ukurasa mmoja mara nne asijue alichosoma, na hujiona hana thamani, ni mzigo kwa watu wake. Kwa vijana wa umri wetu mara nyingi hudhihirika kwa hasira kuliko kwa machozi, ndiyo maana huishia kuadhibiwa. Tena yaweza kumpata mtu asiyefikwa na msiba wowote, na hapo ndipo huulizwa, "Unanuna nini, na wazee wako wote wahai?"

Namjua kijana mmoja, si wa skuli yetu, aliyekuwa hodari wa mpira. Aliacha kwenda uwanjani, kisha akaacha kula, kisha akawa yu macho tangu saa nane za usiku. Alifagizwa uwanja kwa uvivu. Likizo ilipofika alipelekwa kwa mganga akapungwe. Ilipita miezi mingi kabla ya mjomba wake kumpeleka kwa daktari. Sasa anasoma, na mpira anaucheza, ingawa mwaka mzima wa masomo ulikwisha kupotea.

Wako wazee wasemao kuwa haya ni upungufu wa imani. Kwa heshima zote nauliza: Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bi Khadija na Abu Talib, mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni; nani aliyethubutu kuitilia shaka imani yake? Ikiwa huzuni yenyewe haipunguzi imani, maradhi yataipunguzaje? Malaria hatusemi hivyo. Dua na dawa hazigombani.

Na sisi vijana tunayo yetu. Kidongo Chekundu ni hospitali ya maradhi ya akili hapa mjini, lakini dakhaliani tumelifanya jina hilo tusi. Nani atakubali kwenda mahali ambapo wenzake humtukania? Daktari hamfungi mtu minyororo. Humuuliza, na huenda akampima damu, kwa kuwa upungufu wa damu nao huleta unyonge unaofanana na huu. Wengine hutibiwa kwa mazungumzo, wengine kwa vidonge, ambavyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, basi asivitupe siku ya tatu.

Jambo moja halingoji wiki mbili. Mwenzako akisema ataka kufa, muulize wazi kama ana nia hiyo. Kumuuliza hakumtii fikra ambayo hakuwa nayo. Usimwache peke yake, na umwamshe Maalim usiku huo huo, hata kama uliapishwa usiseme.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mitaani kukaa na watu katika mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na wasaidizi hao walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi! Nasi Mji Mkongwe mzima umejaa baraza za mawe, na watu hukaa juu yake kutwa wakizungumza mpira na siasa.

Naona skuli yetu ingeweza kuwapeleka Maalim wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamme, wakafunzwe na wauguzi wa maradhi ya akili, kisha wakae barazani alasiri moja kila wiki, na anayekwenda kwao asiandikwe katika daftari la nidhamu. Namuomba Maalim Mkuu na kamati ya wazazi walizungumze jambo hili kabla ya mitihani ya Novemba.