Tusihukumu Nakala kwa Umri Wake

Wapo wenzetu wanaojivunia mstari mmoja tu wa sheli: find /akiba -type f -mtime +7 -delete. Wanauweka kwenye ratiba ya seva utekelezwe kila usiku saa tisa, kisha wanalala usingizi wa pono. Mimi nasema mstari huo, ukiachwa peke yake, ni mtego.

Hoja yao ni kwamba diski ikijaa, nakala mpya haitapata nafasi. Hilo sibishi, hata mimi nafuta. Ninachokipinga ni kigezo. Amri hiyo huuliza swali moja: faili ina siku ngapi? Haiulizi kama nakala mpya imepatikana.

Tutazame hali yetu hapa Kiriri. Umeme ukikatika saa nane, kazi ya kunakili haifanyiki. Ukirudi kabla ya saa tisa, kazi ya kufuta inaendelea kama kawaida. Au nywila ya hifadhidata imebadilishwa, na kunakili kunashindwa kimyakimya kila usiku. Kabla ya wiki mbili kwisha, nakala nzima ya mwisho imeshafutwa. Siku diski ya seva ikifa, alama na tasnifu za wanafunzi zinakwenda nayo.

Anayedhani haya ni makosa ya wanagenzi akumbuke Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Desemba 2021, skripti iliyokusudiwa kufuta faili za kumbukumbu za mfumo zilizozidi siku 10 ilibadilishwa huku ikiendelea kufanya kazi. Kigeu kilichopaswa kubeba jina la folda kikawa kitupu. Zikafutwa faili za watafiti zipatazo milioni 34, yaani terabaiti 77. Kati ya vikundi 14 vilivyoathirika, vinne havikuweza kurudishiwa kazi zao.

Dawa si ngumu. Tuunganishe kunakili na kufuta kwa &&, ili kufuta kusubiri kunakili kufaulu. Nakala mpya ifunguliwe na kukaguliwa. Tuhesabu nakala, si siku: saba nzima za mwisho zibaki, hata zikiwa za mwaka jana. Tuanze skripti kwa set -u, ili kigeu kisicho na thamani kisimamishe kazi.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Skripti ya umri hufanya baya zaidi: huutupa mbachao hata siku ambayo hakuna msala uliopita.