Mpe Mtoto Kamera, Lakini Mfundishe Kupiga Hodi

Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuja wodini kumwona bibi yake. Akampiga picha kwa simu, bibi akiwa amelala na mpira wa mkojo, akaituma kwa ndugu. Kufika jioni ilikuwa imewafikia hata majirani kijijini. Bibi alikataa kula siku mbili kwa aibu. Ndugu wakataka kijana anyang'anywe simu moja kwa moja. Mimi sikukubaliana nao.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha huombwa, kama tunavyopiga hodi kabla ya kuingia nyumbani kwa watu. Kumnyang'anya simu hakumfundishi hilo.

Yafaa wazazi wampe mtoto simu kwa kazi maalum, intaneti ikiwa imezimwa. Apande haragwe katika kopo, alipige picha kila asubuhi kwa siku kumi akisimama pale pale. Apige kivuli cha mwembe asubuhi, saa sita na jioni. Mpe idadi, tuseme picha kumi tu. Sisi wa zamani filamu ilikuwa na picha 36, nasi tulifikiri kabla ya kubonyeza. Mtoto anayetazama katuni hukaa, bali anayetafuta picha hutembea, huinama, hutoka nje. Imeonekana kwamba watoto wanaokaa zaidi nje mchana hawapatwi sana na ugonjwa wa kutoona mbali. Kwa wadogo wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasizidi saa 1 kwa siku mbele ya kioo.

Nyumba isiyo na simu ya kamera nayo ina njia. Jua likiwaka, zibeni madirisha ya chumba kwa maboksi, mwache tundu moja dogo kama punje ya hindi. (Jiko la mkaa litolewe kwanza, maana hewa yake huua katika chumba kilichofungwa.) Shikeni shuka nyeupe mbele ya tundu. Macho yakizoea giza mtaona mti wa uani umepinduka, na watu wanapita miguu juu! Mwanga husafiri moja kwa moja, hivyo unaotoka juu ya mti huangukia chini ya shuka. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alichunguza jambo hili miaka elfu moja iliyopita.

Jicho hufanya kazi vivyo hivyo. Picha huangukia nyuma ya jicho ikiwa imepinduka, ubongo ukaisoma sawasawa. Funikeni tundu kwa mfuko mwembamba wa nailoni, picha ififie. Hapo watoto wataelewa mtoto wa jicho anavyomfanyia babu yao. Ila wasitazame jua lenyewe, kwa macho wala kwa kamera ya lenzi. Huunguza ndani ya jicho bila maumivu, na huenda uoni usirudi.

Mgonjwa, mtu anayeoga na maiti wasipigwe picha. Wengine waombwe, na kabla ya kutuma waombwe tena.

Bibi yule aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mjukuu alimwomba radhi, kisha akamwomba picha. Bibi akasema sawa, ila kwanza aletewe kitenge chake kipya.