Ukiuza kampuni kisha ukaajiriwa humo: Ujira wako uwe upi?

 

Ndugu zetu katika imani, wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya alasiri mjini Lushoto, alitujia kijana mmoja na bahasha ya karatasi. Yeye na wenzake wawili wametengeneza programu ya simu ambayo humjulisha mkulima wa Usambara bei ya kabichi na nyanya huko Dar es Salaam, kabla lori halijateremka Mombo. Mtaji wa kwanza walipewa na mjomba wake, naye akaandikiwa sehemu moja ya tano ya hisa. Sasa kampuni kubwa yataka kuinunua kazi yao, kwa sharti kwamba kijana abaki kuiendesha kwa miaka mitatu. Akauliza: "Sheikh, je, si kukosa haya kudai mshahara mkubwa kwa mtu aliyekwisha kuninunua?" Ameturidhia tulieleze jambo lake bila ya jina.

Swali hili litawafikia wengi. Mwaka 2015 kampuni changa ya Kenya, Weza Tele, ilinunuliwa na kampuni ya mikopo ya AFB kwa dola milioni 1.7. Januari 2020 kampuni ya Circle Gas ya Uingereza ilitangaza kuinunua teknolojia ya KopaGas ya hapa kwetu Tanzania, yaani mita inayomwezesha mtu kulipia gesi ya kupikia kidogo kidogo kwa simu, katika mapatano ya dola milioni 25. Magazeti hutaja bei. Barua ya ajira ya mwanzilishi haichapwi gazetini, nayo ndiyo itakayomtawala tangu siku ya pili, atakapoingia kama mtumishi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nasi watu wa milimani hatuhitaji kufundishwa na wageni juu ya mali inayobadili mikono: kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro baina ya wakulima na mwekezaji, hata Serikali ikakitwaa tena mwaka 2016. Chai ilibaki shambani.

Tuanze na hiyo haya. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipokwisha kupewa ukhalifa alitoka kwenda sokoni na nguo zake za biashara. Masahaba wakamzuia, kisha akakadiriwa posho katika Baitul-mali, naye akaipokea. Kadhalika Nabii Musa (A.S.) hakuingia kazini kwa mzee wa Madyan kwa kuoneana haya. Muda ulitajwa, miaka minane, na miwili ya kuongeza ikaachwa kwa hiari yake; Allah akafanywa shahidi wa mapatano hayo (28:27-28). Basi anayetaja ujira wake mapema hana dosari yoyote. Mwenye kuleta fitina ni yule anyamazaye leo akaja kunung'unika mwakani.

Tulipozifungua karatasi, tuliona mambo mawili yamefumwa pamoja: kuuza kampuni na kuajiriwa. Mtume (S.A.W.) amekataza mauzo mawili ndani ya uuzaji mmoja. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelikaza jambo hili, hata hawakubali uuzaji uliofungwa kwa sharti la mkataba mwingine. Wamaliki wameruhusu uuzaji na ijara kukutana. Sisi tulimshauri atafute salama: bei ikatwe peke yake na ijulikane, na ajira iandikwe peke yake kwa kazi, muda na ujira uliotajwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo kwa maandishi.

Palikuwa pia na kifungu kwamba sehemu ya bei italipwa mwaka wa tatu, kwa kadiri biashara itakavyokuwa imekua. Hiyo ni bei isiyojulikana, na ndani yake mna gharari. Mnunuzi akitaka kumtia mwanzilishi ari, mlango upo: ni jua'la, zawadi inayojulikana kwa jambo linalojulikana, mfano wa shehena ya ngamia aliyoahidiwa atakayekileta kikombe cha mfalme (12:72).

Lakini lililotushughulisha zaidi hakuliuliza. Mshahara aliopangiwa ulikuwa maradufu ya ule wanaolipwa mameneja wengine wa kampuni hiyo, na bei ya hisa imeshuka tangu mazungumzo ya kwanza. Tukamwuliza, "Mjomba na wenzako wanajua?" Akainama. Hapa ndipo penye sumu. Bei hugawanywa kwa wenye hisa wote. Mshahara huingia mfuko mmoja. Mnunuzi mwerevu huweza kuishusha ya kwanza kwa kuipandisha ya pili, na aliyekaa mezani kwa niaba ya wote akatoka ameshiba peke yake, hali ya kuwa ni wakili na mwenye amana.

Wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha mkusanya zaka aliyerudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akauliza: lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Tulimpa kijana kipimo hicho hicho: lau wewe usingekuwa muuzaji, ukaomba kazi hii kama mtu mwingine, wangekulipa kiasi gani? Hicho ndicho ujira wako, udai bila ya kutetemeka. Ziada yake ina harufu ya bei, na katika bei mjomba ana moja ya tano.

Hakufurahi, nasi hatukumlaumu, kwani ana mke na mtoto mchanga.

Ijumaa iliyofuata alikuja tena, safari hii pamoja na mjomba wake, mzee wa Mlalo asiyesema sana. Wameandika barua kwa mnunuzi: mshahara uwe sawa na wa mameneja wengine, tofauti irudishwe katika bei. Tulipokuwa tukiandika haya, jibu lilikuwa bado halijafika.