Msimcheke Staa Aliyerudi Gofu na Selfie Tu, Tatizo ni Uwanja

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina halina haja, juzi kati kaoga matusi mitandaoni mpaka basi. Kosa lake? Alialikwa siku ya mwisho ya mashindano ya gofu, akapendeza, akapost picha kama zote, na hakuna hata moja yenye mpira wa gofu. Picha ya hema la VIP ipo. Ya glasi ipo. Ya raba nyeupe juu ya nyasi ipo. Alipoulizwa kwenye komenti nani kashinda, akajibu kwa emoji ya kucheka.

Wajuaji wakapata kazi. Eti vijana wa siku hizi wanafuata kiki tu, eti gofu sio mchezo wao, wabaki na shoo zao za Bongo Fleva.

Sawa. Ila ukiuweka umbea pembeni, kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza: hivi huyo dada, hata angetaka, angeona nini?

Kwenye mpira wa miguu kila kitu kinatokea mbele ya macho. Unakaa kwenye siti yako, wachezaji 22 wapo pale, mpira unaonekana. Gofu ni habari nyingine. Mashimo 18 yametawanyika kwenye eneo kubwa kuliko mitaa kadhaa ya uswahilini ikiunganishwa, makundi ya wachezaji yapo kila kona kwa wakati mmoja, na mpira wenyewe, ambao kipenyo chake hakifiki hata sentimita 5, unapigwa ukatue mita 250 na zaidi kutoka pale uliposimama. Sasa weka watu kwenye ardhi tambarare. Mstari wa kwanza unaona. Mstari wa pili unaona shingo. Wa tatu unaona simu zilizonyanyuliwa juu. Ukija kupata upenyo, jamaa keshapiga na keshaondoka, na wewe unaanza kumkimbiza juani. Ukichoka unarudi hemani. Ukirudi hemani unapiga selfie. Hapo kosa la nani?

Viwanja vingi vikongwe vya ukanda huu vilianza enzi za mkoloni kama klabu za wachache. Vilijengwa kwa ajili ya anayecheza. Anayekuja kuangalia hakuwepo kwenye ramani kabisa.

Wenzetu Marekani waliliona tatizo hili zaidi ya miaka 40 iliyopita. Deane Beman, aliyekuwa bosi wa PGA Tour, alitaka uwanja ambao mtazamaji amefikiriwa tangu siku ya kwanza. Wakanunua ekari 415 za kinamasi na vichaka huko Ponte Vedra Beach, Florida, kwa dola 1. Ndiyo, dola moja tu. Kazi akapewa mbunifu Pete Dye. Eneo lilikuwa tambarare na limejaa maji, kwa hiyo walichimba, na udongo uliotoka wakaurundika pembeni ya njia za kuchezea kama vilima. Watu wakakaa juu ya vilima vyenye nyasi, wa nyuma akaona juu ya kichwa cha wa mbele. TPC Sawgrass ikafunguliwa mwaka 1980, na staili hiyo ikaitwa gofu ya stediamu.

Shimo maarufu kuliko yote pale ni la 17. Walichimba mchanga mwingi eneo lile mpaka likabaki shimo kubwa, ndipo Alice Dye, mke wa Pete na yeye mwenyewe mbunifu na mchezaji mkali, akashauri walizungushie maji. Matokeo yake ni kisiwa kidogo chenye bendera katikati ya bwawa, na mchezaji anapiga kutoka kama mita 125. Hapo hata asiyejua sheria hata moja ya gofu anaelewa mchezo ndani ya sekunde tano: mpira ukitua kisiwani, shangwe, ukizama, pole. Hahitaji kueleweshwa na mtu. Hiyo ndiyo maana ya kumfikiria mtazamaji.

Wachezaji walilalamika, tena sana. Mashindano ya kwanza ya Players kuchezwa pale, mwaka 1982, yaliisha kwa bingwa Jerry Pate kuwasukumia Beman na Dye kwenye maji kisha naye akajirusha humo humo. Baadaye sehemu zilizozidi ugumu zikarekebishwa. Vilima vya watazamaji vikabaki.

Wajuaji watasema hayo ni ya wenye hela. Haya, twende Ufaransa. Le Golf National, nje kidogo ya Paris, ilifunguliwa mwaka 1990 kwenye ardhi iliyokuwa shamba tambarare kabisa. Vilima vyake vingi vilitengenezwa kwa vifusi vilivyoletwa na malori kutoka kwenye maeneo ya ujenzi mjini. Vifusi! Kitu ambacho miji yetu inakimwaga kila siku, wenzetu wamekiotesha nyasi, watu wakakalia, na mwaka 2018 Ryder Cup ikachezwa hapo.

Kweli, kuna kuzidisha. Shimo la 16 la TPC Scottsdale, Arizona, wakati wa mashindano huzungushiwa majukwaa pande zote, watu takriban 20,000 wanapiga kelele kama dabi ya Kariakoo. Ni raha, lakini mwaka 2024 umati ulizidi mpaka Jumamosi wakasimamisha kuuza pombe na kufunga mageti. Ndiyo maana kilima kinalishinda hema. Hema linakuita uje kunywa. Kilima kinakuita uje kuangalia.

Wanachama wa klabu nao wana hoja: mashindano ni siku nne, siku 361 zilizobaki uwanja ni wao. Ni kweli. Ila kilima cha nyasi hakimnyimi mtu kucheza. Sawgrass na Le Golf National vinachezwa na watu wa kawaida wanaolipia, na vilima vipo pale pale.

Na hapa mambo yanamhusu zaidi ya staa na picha zake. Wapo wachezaji wa kulipwa wa ukanda huu walioanza kama makedi, wakiwabebea wengine mabegi ya fimbo. Waliipenda gofu kwa sababu kazi iliwaweka karabu na pigo, wakaona kwa macho yao. Mtoto wa mtaa wa jirani anayechungulia kwenye uzio hana bahati hiyo. Siku ya mashindano geti likifunguliwa, huyo ndiye angepaswa kukuta pa kukaa na kitu cha kuona. Akikuta mgongo wa mtu na hema asiloruhusiwa kuingia, harudi tena. Na mwakani waandaaji watauliza tena kwa nini vijana hawaipendi gofu.

Kwa hiyo kabla hawajaagiza hema jingine la VIP na kuwaalika mastaa wengine watano waje kutafuta kiki, waagize kwanza malori machache ya udongo. Watafute shimo moja tu, zuri, lenye drama, wainue ardhi pembeni, waoteshe nyasi, waache watu wakae bure. Halafu wamwalike tena yule dada, wamkalishe pale juu. Akipost selfie bila mpira siku hiyo, hapo sasa mmcheke.

Wewe ungekuwa pale ungeona nini, mpira au mgongo wa mtu? Dondosha komenti.