Breki zikilia, abiria asinyamaze

Sisi tuliorejea Burundi kutoka Tanzania, pamoja na wafanyabiashara wanaopitia Kobero, tunaijua barabara ya Muyinga, Ngozi na Kayanza hadi Bujumbura. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770. Kwenye mteremko huo ndipo Hiace kuukuu hutoa siri zake.

Mlio mwembamba dereva anapogusa breki, kwa kawaida ni pedi zinazokaribia kwisha. Muoneni fundi wiki hiyo hiyo. Vyuma vikikwaruzana, pedi hazipo tena na diski inaliwa. Gari hilo lisipande mlima. Pedali inayozama ni hatari zaidi: mafuta ya breki yanavuja, au yameingia maji na sasa yanachemka kwa joto.

Kinachonikera hasa ni kuzima injini ili kubana petroli. Breki za magari haya husaidiwa na injini. Ikizimwa, ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Gia ndogo iingizwe tangu juu, si nyutro.

Abiria husema dereva ndiye ajuaye. Anajua, lakini pia ana hesabu ya tajiri jioni. Nasi tuliosomea ukimbizini tunanyamaza, lafudhi isije ikatufichua. Mama mwenye magunia ya karoti akisema, "Kijana, washa gari," tumuunge mkono, tusimtazame kama mgomvi.