Akaunti Yako ni Kibanja cha Nani?

Mitihani imeisha salama, sasa tuongee mambo ya maana kidogo.

Pale Kahororo, Bukoba, nina mshikaji wangu anayeandika programu za simu. Alitengeneza moja ya kurekodi kilo za kahawa za wakulima, akaiweka kwenye duka la mtandaoni la kampuni moja ya nje. Siku moja akapata ujumbe: akaunti yako imezuiwa kwa kukiuka taratibu. Utaratibu upi? Hakuambiwa. Akakata rufaa, na baada ya dakika chache jibu likarudi, maneno yale yale. Hiyo ni mashine jamani, hakuna binadamu anayesoma haraka namna ile! Akaunti ilikuja kufunguliwa baada ya wiki kadhaa, bila maelezo wala pole. Msimu ulishaanza, wateja walisharudi kwenye madaftari.

Wapo wanaosema, "Si mali ya kampuni bwana, wana haki ya kumfungia yeyote." Mimi nasema hapana, na sisi watoto wa Kagera hoja hiyo tunaijua. Babu zetu waliiishi kwa jina la nyarubanja. Mtwarwa alilima migomba, akatunza kibanja miaka nenda rudi, akalipa ushuru, lakini ardhi ilikuwa ya bwana. Mfumo ule haukuisha kwa sababu mabwana walipata huruma. Ulivunjwa kwa sheria, mwaka 1965. Akaunti ya mwandishi wa programu leo ni kibanja cha namna ile ile: jasho lako, ardhi ya mwingine.

Na usidhani wanaofungiwa ni wahalifu tu. Julai 2019, GitHub, ghala kubwa la programu linalomilikiwa na Microsoft, liliwawekea vikwazo watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya sheria za Marekani. Vijana waliamka wakakuta kazi zao za faragha hazifunguki. Kosa lao ni mahali walipo. Wairani walirudishiwa huduma kamili Januari 2021, baada ya kampuni kuomba na kupata kibali cha serikali ya Marekani. Mwaka mmoja na nusu, wadau!

Sasa angalia wenzetu. Umoja wa Ulaya una sheria ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024. Ukifungiwa, lazima upewe sababu, na rufaa yako haiwezi kuamuliwa na mashine peke yake. Kijana wa Berlin analindwa, wa Kahororo anabembeleza. Lakini hata sisi hatuko mikono mitupu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine pekee kumhusu mtu, na Tume yake ipo. Nadhani Tume ingeanza kuzibana kampuni hizi zinazochukua ada zetu: anayefungiwa apewe sababu, na rufaa isomwe na mtu. Tusiposema sisi tunaoumia, nani atasema?

Wakati tunasubiri, tujilinde. Ukifungiwa, kata rufaa kwa fomu rasmi, kwa maneno machache: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, programu yako inafanya nini. Usifungue akaunti ya pili kwa hasira, maana wakiziunganisha zinaweza kufungwa zote. Na wale "wataalamu" wanaodai wanafungua akaunti kwa hela kidogo, wakimbie! Wanachotaka ni nywila yako.

Jambo jingine ni laini ya simu. Wengi tunapokea namba za siri kwa meseji. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na hata leo laini ukiitelekeza inafungwa na namba anaweza kupewa mwingine. Laini ikienda, mlango umeenda. Zile namba za akiba unazopewa unapoweka ulinzi wa hatua mbili, ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako. GitHub wenyewe wanasema ukipoteza njia zote, huenda wasiweze kukurudisha.

La mwisho, nakala. Uzuri wa Git ni kwamba nakala kamili uliyonayo kwenye kompyuta yako inabeba historia yote ya kazi. Weka nyingine kwenye flashi, nyingine kwa rafiki. Ila nakala haikurudishii wateja walioko kwenye lile duka, ndiyo maana nasema tahadhari peke yake haitoshi. Mtwarwa hodari bado alikuwa mtwarwa mpaka sheria ilipokuja.

Vyuo vyetu vinatufundisha kuandika programu. Vitufundishe pia kudai haki juu ya tulichoandika.