Acha kucheka lafudhi, chunga tahajia

Hebu tuambiane ukweli. Hapa Nakuru, mtu akichanganya 'r' na 'l' ndani ya matatu ya Kiamunyi, abiria wanaangua kicheko. Akitamka 'p' mahali pa 'b', kuna msee atamwiga hadi steji ya mwisho. Lakini mtu huyohuyo akiandika kwenye barua ya kazi 'I leave in Free Area', hakuna anayecheka. Hakuna hata anayemwambia. Alitaka kusema anaishi huko, kumbe amesema anaondoka. Barua inawekwa kando, naye anabaki kungoja simu isiyolia.

Mimi naona tunacheka mahali pasipofaa.

Lafudhi si kosa. Gikuyu haina sauti ya 'l', na Kikalenjin hakitofautishi maneno kwa 'p' na 'b'. Ulimi uliolelewa Bahati au Molo unafuata njia uliyofunzwa nyumbani, basi. Tena mji ulioona vurugu za Januari 2008 unajua kwamba kejeli za kabila haziishii kwenye kicheko.

Tahajia ni mambo mengine, kwa sababu hiyo unaweza kuirekebisha leo jioni.

Shida inaanzia sikioni. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina zaidi ya kumi. Ndiyo maana wengi wetu tunatamka 'live' na 'leave' sawasawa, na 'fill' na 'feel' vilevile. Halafu tumezoea kuandika tunachosikia, na Kiswahili kinakubali. Kiingereza hakikubali. Mashine ya kuchapisha vitabu ilifika Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda polepole huku matamshi yakiendelea kubadilika. Leo 'knight' bado ina 'k' ambayo hakuna anayeitamka.

Makosa mengine yanatoka kwenye maana. Kwa Kiswahili unaweza kuniazima kalamu, nami nikaazima kalamu kwako. Neno ni lilelile. Kiingereza kinataka mawili: 'lend' ni la anayetoa, 'borrow' ni la anayechukua. Sasa unajua 'borrow me your pen' ilitoka wapi.

Na usitegemee simu ikuokoe. Programu ya kukagua tahajia hukamata hasa neno lisilokuwepo. 'Lose' lipo, na 'loose' pia lipo. Ukiandika kwamba hutaki 'to loose this chance', simu inaweza kunyamaza kabisa, ilhali umemwambia mwajiri hutaki kuilegeza nafasi hiyo.

Utaniambia, "Lakini si ameelewa nilichomaanisha?" Ameelewa, ndiyo. Ila ana rundo la barua mezani na anatafuta sababu ya kulipunguza. Kijana wa Rhonda au Njoro asiye na mjomba ofisini, karatasi hiyo ndiyo mjomba wake. Usiiache iende ikiwa imevaa shati nje ndani.

Ufanye nini? Anza na yale unayoyajua tayari. Kiswahili kinatenganisha kushauri na ushauri. Kiingereza tunachofuata Kenya kinafanya vivyo hivyo kwa herufi moja: 'advise' yenye 's' ni tendo, 'advice' yenye 'c' ni jina. Mtindo ni huohuo kwa 'practise' na 'practice'. Duka la kalamu na daftari ni 'stationery', yenye 'e' kama ya 'envelope', bahasha inayouzwa humo. Ile yenye 'a' ni kitu kilichosimama tuli, kwa hivyo duka lenye kibao hicho linajitangaza kuwa halisongi.

Haya si mageni kwako. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina maswali ya maneno yanayotamkwa sawa. Ulijibu, ukapata alama, ukasahau. Basi chagua maneno matano tu yanayokusumbua wewe, yaandike kwenye simu, na kabla ya kutuma barua yatafute moja moja kwa macho. Kuisoma kwa sauti pekee hakutoshi. Sikio ndilo lililokudanganya.

Nanyi mnaosoma barua hizo, jiulizeni kazi yenyewe inataka nini. Mtu wa kufunga maua Naivasha hahitaji kujua 'its' na 'it's'. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mkipokea barua ya Kiswahili sanifu, isomeni kwa heshima ileile.

Halafu wewe, ukiona rafiki amekosea, mwambie inbox. Usimwanike kwenye grupu. Akiaibishwa ataacha kuandika, na hapo hamjamsaidia kitu.